Joto Lililomsubiri Mgeni Rasmi

Hesbon alikuwa mwenyekiti wa kila kitu pale Junju. Kamati ya maji ilikuwa yake, kamati ya mazishi yake, na hata ile kamati ya barabara, ingawa barabara yenyewe haijaonekana mpaka leo. Zote aliziendesha kwa mtindo mmoja: anaitisha mkutano, anavaa koti, anamngoja mtu mkubwa aje wapigwe picha. Pola, katibu wake katika kikundi cha mbata, hakuwahi kumchukia. Alimdharau tu, tena kwa raha zake. Kila akitoka mkutanoni alimwigiza mbele ya wenzake wanaovunja nazi, jinsi anavyokohoa kabla ya kutamka neno maendeleo, mpaka wanawake wanaweka mapanga chini kwa kucheka.

Kazi ya kikundi ilikuwa kufua nazi, kuzivunja, na kuzikausha ziwe mbata ya kuuzia wakamuaji wa mafuta kule Malindi. Wakati wa jua kazi hiyo haina maneno. Taabu ni masika. Nazi iliyovunjwa haingoji mtu. Siku ya kwanza inateleza, ya pili inaota ukungu, na baada ya hapo hata nguruwe wanainusa kwanza. Kwa hiyo masika watu walikaushia juu ya tanuri, kwa moto wa makumbi, na mbata ikatoka nyeusi inanuka moshi, mnunuzi akaishika kwa vidole viwili.

Ndipo ikaja habari ya joto la kubebwa. Ng'ambo ya vilima vya Rabai kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha vyuma chakavu, na dohani lake lilikuwa likimwaga hewani, mchana na usiku, joto lisilo na mwenyewe. Kampuni moja ndogo ilipata wazo la kulikamata. Walitengeneza sanduku la chuma lenye ukubwa wa kontena, wakalijaza chumvi ya namna ya pekee. Chumvi hiyo ikiwekwa penye joto la dohani inayeyuka, na ikishayeyuka inalishika lile joto kwa siku kadhaa maadamu sanduku halijafunguliwa. Sanduku linapakiwa kwenye lori, linaletwa shambani, linaunganishwa na banda la kukaushia. Ukizungusha gurudumu la kufungulia bomba lake, feni inapuliza hewa ndani yake, na hewa inatoka kavu, ya moto, bila chembe ya moshi.

Pola aliposikia mara ya kwanza alicheka hadi akashika mbavu. Watu wa Pwani, alisema, wanaletewa joto kwa lori. Lakini alikwenda kule Rabai kuona kwa macho yake, akasimama mbele ya bomba la majaribio, akaona vipande vya nazi vikitoka vyeupe na vikavu vinavyolia vikigonganishwa. Aliporudi nyumbani, mtu wa kwanza aliyemtafuta alikuwa mavyaa wake, Kahaso.

Kahaso alikuwa mjane, na minazi aliyoachiwa ndiyo iliyokuwa mume wake wa pili. Shemeji yake Mwambire alikuwa ameikodolea macho muda mrefu. Mwambire alitaka ipewe wagema, wapate tembo, ile pombe ya mnazi, kwa maana tembo halioti ukungu. Lakini ua la mnazi ndilo linalofungwa na kukatwa ili tembo lidondoke, na ua lililokatwa haliwi nazi. Mnazi wa tembo ni wa tembo. Masika yaliyopita mbata ya Kahaso ilioza yote, na Mwambire akaita wazee. Ikakubaliwa hivi: mbata ya masika haya ndiyo itakayokata shauri. Ikitoka safi, ikapokewa na mnunuzi wa Malindi, minazi ibaki kwa Kahaso, asisumbuliwe tena. Ikiharibika, wagema wapande. Tsuma, mume wa Pola na mwana pekee wa Kahaso, aliyekuwa akiendesha malori Mombasa, alisema kwa simu kwamba ataafiki lolote watakaloamua wazee. Hicho ndicho kilichokuwa kimo cha Tsuma, na Pola alikwisha kukizoea.

"Hilo sanduku unaliamini?" Kahaso alimuuliza.

"Naliamini, mayo," Pola alimjibu, akimwita mama kwa lugha ya kwao. "Nimeliona."

Kahaso hakuuliza tena. Kikundi kikakubaliana na kampuni, banda jipya la kukaushia likajengwa kwenye kiwanja chake, na ikapangwa kwamba sanduku la kwanza litakausha mbata yake. Wiki ya uzinduzi, Hesbon alikuja na koti lake, akazunguka kiwanja, akaona tanuri la Kahaso, lililokuwa bora kuliko yote pale kijijini. Akasema lazima libomolewe. Hema la wageni linahitaji nafasi, na tena haiwezekani mradi wa kuondoa moshi uzinduliwe kando ya tanuri la moshi. Kwenye picha itaonekana vibaya. Kahaso akamgeukia Pola.

"Nibomoe?"

"Bomoa, mayo. Hutalihitaji tena."

Kahaso akachukua jembe akalibomoa mwenyewe. Makumbi yake makavu, aliyoyaweka akiba chini ya paa tangu kiangazi, Hesbon aliyachukua yakatandazwa kwenye matope, ili gari la mgeni rasmi lisikwame.

Lori lilifika asubuhi ya siku yenyewe, na mvua inanyesha. Fundi wa kampuni, dada mmoja mrefu aitwaye Nyakio, alishuka kwenye matope bila kuinua suruali, akasimamia sanduku likishushwa, akaliunganisha na banda, akajaribu feni, kisha akamwita Pola kando.

"Mbata iko tayari?"

"Imevunjwa jana. Iko kwenye vichanja."

"Basi fungua sasa hivi, nikiondoka tu." Alimwonyesha kipimo chenye sindano ubavuni mwa sanduku. "Ikiwa hapa juu, limejaa. Ukiliacha lifanye kazi polepole litakausha banda zima. Lakini joto likishatoka halirudi, na mimi jingine siwezi kulileta kabla ya wiki ijayo. Kwa hiyo usimngoje mtu, dada. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Nyakio alimkabidhi ufunguo wa kufuli la gurudumu. Akakitakia kikundi baraka za Mungu, akapanda lori, akaenda zake. Pola aliufunga ufunguo kwenye pindo la leso, akatembea moja kwa moja hadi kwenye gurudumu.

Hesbon alikohoa nyuma yake. "Katibu, unafanya nini?"

"Nafungua. Fundi amesema tusingoje."

"Fundi ni fundi. Anayefungua ni mgeni rasmi, ndiyo maana akaitwa rasmi. Unataka Mheshimiwa akute kitu kimeshafunguliwa? Aje afungue nini, mlango wa gari lake?"

"Mbata ya mama itaharibika, mwenyekiti."

"Yuko njiani. Nimeongea na watu wake sasa hivi. Ameshafika Mtwapa."

Kutoka Mtwapa hadi Junju si mwendo wa kumtisha mtu. Pola alitazama koti la Hesbon, lililoanza kulowa mabegani, akatazama ile miwani aliyoivaa ingawa haoni nayo chochote, akaona kubishana na mtu kama huyo ni kujishusha. Akaenda kukaa. Moyoni alikuwa ameshaanza kutayarisha namna atakavyomwigiza kesho: "Aje afungue nini, mlango wa gari lake?" Wenzake watakufa kwa kicheko.

Huyo Mheshimiwa, kwa kweli, hakuna aliyejua hasa ni mheshimiwa wa nini. Wengine walisema ni mshauri wa mambo ya nishati, wengine wakasema alikuwa mshauri zamani, sasa amebaki na gari. Hesbon mwenyewe alipoulizwa alijibu kwamba ni mtu mzito. Basi watu wakamngoja mtu mzito. Mvua ikaongezeka, ikapungua, ikaongezeka. Kila simu ilipopigwa, mtu mzito alikuwa Mtwapa.

Wa kwanza kuchoka walikuwa wazee. Hesbon alikuwa amepiga marufuku kuwasha kuni, asije mgeni akakuta moshi, kwa hiyo chai hakuna, uji hakuna. Hawe Kadii, shangazi wa marehemu mume wa Kahaso, alimwita Pola akamshika mkono kwa kiganja kilichokuwa baridi kama samaki.

"Mwanangu, sisi tumeketi hapa tangu asubuhi. Moto wote wa kijiji mmeutia kwenye sanduku. Hata chai ya mtu mzee hamna?"

Nani angemnyima bibi kizee chai? Pola alifungua kufuli, akalichomoa bomba bandani, akatega sufuria kwenye mdomo wake, akalizungusha gurudumu kidogo. Hewa ilitoka na mvumo, ya moto kweli kweli, na watu wakainuka kwenye viti kuja kuiota. Maji yalichukua muda kuchemka. Waliokunywa wakaomba tena, na wale ambao hawakupata wakanung'unika, ikabidi sufuria ya pili itegwe. Pola alipofunga na kuangalia kipimo, sindano ilikuwa imesogea. Si sana, alijiambia.

Wakafuata wapiga ngoma. Ngozi za ngoma zilikuwa zimelowa unyevu, ukizipiga zinatoa sauti ya mtu anayetembea kwenye tope. Siku nyingine wangewasha majani makavu wakazikausha dakika hiyo hiyo, lakini moshi ni marufuku. Hesbon alikuja mwenyewe.

"Katibu, fungua ngoma zipashwe."

"Mwenyekiti, hili joto ni la mbata."

"Mgeni apokewe kwa ngoma zilizolegea? Unataka kutuaibisha mbele ya watu?"

Kahaso alikuwa amesimama mlangoni mwa banda, mikono nyuma, akinusa hewa iliyotoka kwenye vichanja vyake. Alimtazama Pola, akasubiri. Pola aliliona jicho lile, akaligeuzia mgongo, akafungua. Ngoma zilipangwa mbele ya bomba, moja baada ya nyingine, na wapigaji wakawa wanazigonga na kuzirudisha, hii bado, hii bado kidogo, kana kwamba joto ni maji ya kisima cha mtaa.

Mchana ulipogeuka, lilifika gari la kwanza. Halikuwa la Mheshimiwa. Lilikuwa la watu wa kumtangulia, na aliyeshuka ni msichana wa itifaki aliyeitwa Bridgit, amevaa viatu vya kitambaa vilivyokunywa tope mara moja. Aliingia hemani, akajikunyata, akatoka.

"Hema lina baridi. Mheshimiwa ana kifua, hawezi kukaa hapa. Hamna namna ya kulipasha moto?"

Hesbon uso ulimng'aa. Alilionyesha sanduku kwa mkono wazi, kama baba anayeonyesha mwana aliyefaulu mtihani.

Pola alidhani hakusikia vizuri. Alikuwa amezaliwa Junju, amekulia Junju, na maisha yake yote alikuwa amesikia watu wakilalamikia joto, wakilala uani, wakijipepea kwa vifuniko vya sufuria. Sasa hapo mbele yake watu wazima wenye akili zao walikuwa wanalivuta bomba la banda la mbata hadi uwanjani, wanalisukuma chini ya turubai, ili kulipasha moto hema lisilo na kuta mbili.

"Fungua, katibu," alisema Hesbon.

Hapo ndipo angeweza kukataa. Alijua, na hata baadaye hakujidanganya kwamba hakujua. Kufuli lilikuwa lake, ufunguo ulikuwa kwenye leso yake, na hakuna mtu pale ambaye angethubutu kumfungua mke wa mtu pindo la leso. Lakini ile dharau yake tamu ilikuwa imempanda kichwani. Aliwatazama wote, Hesbon na miwani yake, Bridgit na viatu vyake, akawaza: haya, timizeni ujinga wenu hadi mwisho, nipate kuusimulia. Akafungua, tena akafungua hadi mwisho wa gurudumu. Joto la kiwanda, lililovushwa vilima kwa lori, likaingia hemani, likapita kati ya viti vitupu vyenye vitambaa vyeupe, likatokea upande wa pili, likaenda mvuani.

Mheshimiwa alifika jua linaelekea kuzama. Ngoma zilipigwa, na zilipigika. Alikuwa mtu mwembamba tu, mpole, aliyeshikilia leso ya pua, na alihutubia muda mrefu kuhusu nchi ambazo ametembelea. Alisifu hema. Alisema amekaa katika hafla nyingi za masika lakini ni hapa tu alipojisikia nyumbani. Kisha bomba likarudishwa bandani, na akaongozwa hadi kwenye gurudumu ambalo Pola alilazimika kulifunga kwanza ili apate kulifungua. Akalizungusha. Feni ikavuma. Mheshimiwa akanyoosha kiganja mbele ya tundu la bandani, akafumba macho.

"Nalisikia," alisema. "Nalisikia joto la maendeleo."

Watu wakapiga makofi. Pola alipenyeza mkono wake nyuma ya wapiga picha. Hewa ilikuwa vuguvugu, kama pumzi ya mbuzi. Sindano ya kipimo ilikuwa imelala chini kabisa. Hewa ile ilivuma bandani mpaka ikapoa, na ilifanya kazi moja tu: iliifukiza mbata mbichi, ikaupa ukungu kila unachokihitaji.

Baada ya siku chache Bi Kibibi, mnunuzi, alikuja kutoka Malindi kama walivyoagana, akiwa amejifunika buibui lake na kusindikizwa na Hesbon, ambaye bado alikuwa akizungumzia hotuba. Alisimama mlangoni mwa banda, hakuingia. Kichanja cha mbele kilikuwa cha kijani, cha nyuma kilikuwa cheusi chenye manyoya.

"Shikamoo, Bi Kibibi," alisema Pola.

"Marahaba, mwanangu." Bi Kibibi aliinua kipande kimoja, akakigusa kwa ncha ya kidole, akakirudisha mahali pake kwa adabu, kama anayekirudisha kwa mwenyewe. "Mimi niliambiwa hapa pana mashine ya joto. Nami nikawaambia watu wangu, mwaka huu twapata mbata nyeupe kutoka Junju. Kumbe ni haya. Uniwie radhi, sina pa kuyatia." Akamgeukia Kahaso. "Pole, dada yangu. Si neno la kwako hili, naliona."

Alipoondoka, Hesbon alikohoa akasema kwamba kila mradi una changamoto zake, na kwamba jambo la msingi ni kuwa uzinduzi umefana. Hata Mwambire, aliyekuwa amekuja kushuhudia, alimtazama kwa jicho ambalo huwa analiweka kwa ajili ya walevi.

Mbata ilizolewa kwa makoleo ikafukiwa. Mwambire hakupoteza muda. Wagema walikuja na visu vyao na vibuyu vyao, wakakata vidato kwenye vigogo, wakapanda. Wanawake wa kikundi walipokutana tena walijaribu kumchangamsha Pola. Walimwambia awaigizie Mheshimiwa, ile ya kunyoosha kiganja na kufumba macho. Pola alinyoosha mkono, akafumba macho, kisha akaushusha. Aliona haya mbele ya wenzake, akachukua panga akavunja nazi za watu wengine.

Wiki iliyofuata Nyakio alileta sanduku la pili, limejaa hadi juu. Alichungulia bandani, akaona vichanja vitupu, akamtazama Pola, akaliunganisha bomba na banda. Hesbon alikuwa amepiga simu asubuhi ile kuagiza lisiguswe, kwani kuna mgeni mwingine ameonyesha nia ya kulitembelea. Pola alimsikiliza mpaka mwisho, akakata simu, akaenda akafungua gurudumu peke yake. Hakuwa na cha kukausha. Alifungua kwa sababu hakuweza kuvumilia kuliona limefungwa. Hewa ikavuma bandani, ya moto, kavu, safi, ikapita juu ya vichanja vitupu mpaka mbao zikaanza kulia.

Kahaso aliingia akitoka minazini. Alikuwa amekwenda kuwaonyesha wagema mipaka, mti hadi mti, kama Mwambire alivyotaka, na mvua ilikuwa imemlowesha. Alisimama kwenye ile hewa kwa muda, akainua uso, akaipima. Kisha akaivua leso ya mabegani, akaikamua nje ya mlango, akaitandaza juu ya kichanja kilichokuwa cha mbata yake.

"Kumbe ni la moto hivi," alisema.

"Ndiyo, mayo."

"Na siku ile lilikuwa hivi hivi? Asubuhi?"

"Hivi hivi."

Kahaso alinyoosha pindo la leso lililokunjika. "Ufunguo alikuwa nao nani?"

Pola alitazama chini. "Mimi."

"Kutwa nzima?"

"Kutwa nzima, mayo."

Kahaso hakumlaani, wala hakulia. Alikaa kwenye gogo karibu na mlango, akampa mgongo, akangoja leso ikauke. Upande mmoja ulipokauka aliinuka, akaigeuza.